Yapi Yatangulie? Juu ya Kuzifanya za Kisasa Huduma za Serikali kwa Mkulima

(Mazungumzo yaliyotolewa Uyole mbele ya Wenyeviti, Makatibu na Watunza Ghala wa Vyama vya Msingi)



Tarehe 8 Agosti 2022, katika viwanja vya John Mwakangale hapa hapa Uyole, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa mbolea ya ruzuku wakati wa kilele cha Sikukuu ya Wakulima. Bei ya mbolea duniani ilikuwa imepanda kupita kiasi, kwanza kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO, kisha kwa sababu ya vita ya Ukraine iliyoanza mwezi Februari mwaka ule. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, ambao mkulima angeununua madukani kwa zaidi ya shilingi 130,000, uliwekewa bei ya shilingi 70,000. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kwa ajili hiyo.

Wengi waliokuwapo viwanjani siku ile walishangilia bei, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini bei haikuwa jambo jipya. Ruzuku ya mbolea imekuja na kuondoka katika Nyanda za Juu Kusini tangu miaka ya 1970. Jipya lilikuwa daftari. Kwa mara ya kwanza Serikali ilitaka kumjua kila mkulima kwa jina lake, kijiji chake, ukubwa wa shamba lake na zao alilolima, kisha impe namba. Mkulima alikwenda kwa Mtendaji wa Kijiji akaandikishwa. Namba ikamjia kwa simu. Akaipeleka kwa wakala wa pembejeo. Wakala akaisoma kwa simu alama iliyobandikwa kwenye mfuko. Na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea ikaona kwamba mfuko ule umechukuliwa na mtu yule. Tofauti ya bei haikupita tena mikononi mwa watu wa katikati.

Hayo ndiyo yanayoitwa siku hizi kuzifanya huduma za umma kuwa za kisasa. Neno hili linatumika sana katika semina, na mara nyingi hufasiriwa kuwa ni kununua mitambo. Wakala wa Serikali Mtandao uliundwa mwaka 2012, na Sheria Na. 10 ya mwaka 2019 ikaufanya Mamlaka kamili. Leo malipo mengi ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, pasipo mlipaji kumpa karani fedha mkononi. Vyama vya Ushirika navyo vimeingizwa katika mfumo wa usimamizi ulioanzishwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kwa hakika haya ni maendeleo. Swali linalowahusu Wajumbe waliokusanyika hapa ni jingine: mambo yakiwa mengi na fedha zikiwa chache, lipi lianze na lipi lifuate? Maana mkulima wa Inyala au wa Umalila haathiriki na mtambo ulioko Dodoma. Huathirika na lile lililotangulizwa na lile lililoachwa nyuma.

La kwanza ni kalenda. Ajabu ni kwamba jambo hili halimo katika mipango mingi ya kisasa, labda kwa sababu halinunuliwi. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Mvua za Mbeya huanza Novemba, na mwezi Desemba mahindi yanapaswa kuwa yamekwisha kupandwa. Kati ya tarehe hizo mbili ipo miezi minne tu ya kutoa fedha, kuagiza mbolea nje, kuipokea bandarini Dar es Salaam, kuisafirisha zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, na kisha kuipandisha vijijini kwa barabara ambazo mvua ikizitangulia hazipitiki. Afisa aliyechelewesha saini kwa wiki tatu ofisini huona kuwa amechelewa wiki tatu. Mkulima huona kuwa amechelewa mwaka mzima.

Watunza ghala wanalijua hili vizuri kuliko wengine, lakini yafaa sababu yake ielezwe ili nao wawaeleze wanachama. DAP ni mbolea ya kupandia. Kirutubisho chake kikuu, fosforasi, hakitembei katika udongo. Hukaa pale kilipowekwa. Ndiyo maana huwekwa ndani ya shimo karibu na mbegu, mzizi mchanga ukifike. Ikiletwa wakati mahindi yamekwisha ota, kuimwaga juu ya ardhi ni kupoteza sehemu kubwa ya fedha. Urea nayo ina wakati wake, mahindi yafikapo magotini, tena udongo ukiwa na unyevu na mbolea ikifukiwa, la sivyo nitrojeni yake hupaa hewani. Kwa hiyo namba sahihi, bei nzuri na mfumo wa kisasa, vyote vikifika katikati ya Januari, vimefika bure kwa mahindi ya Desemba. Mfumo wa pamoja wa kuagiza mbolea ulioanza mwaka 2017 ulikusudiwa kupunguza gharama kwa kuagiza shehena kubwa kwa wakati mmoja. Faida yake ilikuwapo, lakini ulikuwa na sharti moja: shehena kubwa ikichelewa, wote huchelewa pamoja.

La pili ni daftari lenyewe. Hapa panahitajika kurudi nyuma kidogo.

Kati ya mwaka 2008 na 2014 kulikuwa na mpango wa vocha za pembejeo. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha za ekari moja ya mahindi au mpunga: ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia na ya mbegu bora, na yenyewe ikachangia kama nusu ya bei. Kaya hizo zilichaguliwa na Kamati ya Vocha ya Kijiji. Karatasi zilichapwa vizuri, zilikuwa na alama za usalama, na benki ilizilipa. Hakuna awezaye kusema kuwa mpango haukusaidia, kwani wako waliotumia mbegu bora kwa mara ya kwanza kwa vocha hizo. Lakini uchunguzi uliofanywa mkoani Kilimanjaro mwaka 2009 ulionyesha kuwa kama asilimia 60 ya vocha ziliangukia katika kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Na katika mikoa mingi walionekana wakulima waliotia saini vocha zao na kumwachia wakala kwa fedha kidogo, kwa kuwa hawakuwa na fedha za kulipa nusu yao. Karatasi haikughushiwa, kila saini ilikuwa halali. Kasoro ilikuwa mbele ya karatasi, katika orodha ya majina.

Daftari la mwaka 2022 liliondoa uchaguzi wa kaya, maana kila mkulima ana haki ya kuandikishwa. Hilo ni jambo jema sana. Hata hivyo daftari huandikwa na mtu, naye huandika analoambiwa. Mke anayelima ekari mbili za mahindi na robo ekari ya maharage huandikwa chini ya jina la mume, na namba huenda katika simu ya mume. Mume akiwa safarini Tunduma au Chunya wiki ya kupanda, mke hana namba. Kijana anayekodi shamba haandikwi, au huandikwa yeye na mwenye shamba pia, ekari zile zile mara mbili. Asiye na simu hutumia simu ya jirani au, mara nyingine, simu ya kiongozi wa chama. Marehemu hubaki katika orodha. Ekari tatu huwa thelathini kwa kidole kimoja kuteleza. Nazo thelathini zikiwa tatu, mwenye shamba atajua siku ya kununua.

Mtambo hauwezi kuyajua hayo. Mtambo hulinganisha namba na namba. Ukiwekewa jina la uongo utalitunza kwa uaminifu mkubwa, na utalifikisha Dodoma kwa haraka zaidi kuliko tarishi.

Hesabu kidogo itaonyesha uzito wa kosa moja. Mkulima wa ekari mbili za mahindi akitumia mifuko miwili ya DAP na miwili ya Urea, kwa bei ya ruzuku ya msimu wa 2022/23 alilipa shilingi 280,000. Kwa bei ya madukani wakati ule angelipa zaidi ya shilingi 500,000. Ambaye jina lake liliachwa kwa kusahauliwa alikuwa na njia tatu: alipe tofauti hiyo, apunguze mbolea, au amwombe mwenye namba amnunulie. Njia ya tatu ndiyo iliyofungua mlango wa ulanguzi, na si kila aliyeipitia alikuwa mlanguzi.

Msimu ule wa kwanza ulikuwa na matatizo yake ambayo hayana haja ya kufichwa katika kikao cha watu wazima. Palikuwa na foleni ndefu katika maduka ya mijini wakati vijiji vya mbali havikuwa na wakala hata mmoja. Mtandao ulipokatika, kazi ilisimama, mfuko ukiwa ndani na mkulima akiwa nje na fedha mkononi. Wako waliolala madukani. Nchi jirani ya Zambia ilikwisha pitia njia hiyo hiyo: ilianza kadi za kielektroniki katika wilaya 13 msimu wa 2015/16, ikazieneza nchi nzima msimu wa 2017/18, kadi nyingi zikachelewa kuanza kufanya kazi mvua ikiwa imekwisha anza, na baadaye sehemu ya nchi ikarudishwa kwenye utaratibu wa zamani. Kosa halikuwa katika kadi. Walitoka wilaya 13 hadi nchi nzima kwa misimu miwili, na misimu miwili si muda wa kutosha kujifunza makosa ya msimu mmoja.

La tatu ni mtumishi aliyeko kijijini, na huenda hili ndilo lililostahili kutajwa mwanzoni.

Wazee waliomo humu watakumbuka Kituo cha Kilimo cha Uyole kilivyokuwa. Kilijengwa kwa msaada wa nchi za Ulaya ya Kaskazini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na nguvu yake ilikuwa kwamba utafiti na mafunzo vilikaa uwanja mmoja, na mambo ya ugani yakajadiliwa hapo hapo. Mtafiti wa maharage alikunywa chai na mkufunzi wa Mabwana Shamba. Kituo hiki ndicho kilichotoa maharage ya Uyole 84, Uyole 96 na Njano Uyole, na mahindi ya UH 6303, mbegu zinazojulikana jikoni na sokoni kote katika Nyanda hizi. Leo mambo yamegawanyika. Utafiti uko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo. Chuo kiko chini ya Wizara. Maafisa Ugani, tangu mageuzi ya mwisho wa miaka ya 1990, wako chini ya Halmashauri. Kila mgawanyo ulikuwa na hoja yake nzuri ofisini. Lakini mkulima mwenye swali moja, kwa nini mahindi yangu yana rangi ya zambarau, anabisha milango mitatu, na nyuma ya kila mlango ataambiwa kuwa jibu liko kwenye mlango mwingine.

Mwaka 2022 Serikali iligawa pikipiki zipatazo 7,000 kwa Maafisa Ugani, pamoja na vifaa vya kupima afya ya udongo. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya bilioni 950 mwaka 2022/23. Haya si mambo ya kudharau. Pikipiki imempa Bwana Shamba uwezo wa kufika Uporoto na kurudi siku hiyo hiyo. Hata hivyo pikipiki hudai petroli kila wiki na matairi kila mwaka, na fungu la petroli hupangwa na Halmashauri, si na aliyetoa pikipiki. Katika kupanga yapi yatangulie, kununua kitu hupendeza kuliko kukitunza, kwa sababu kununua kuna siku ya kukabidhi na picha.

Mtendaji wa Kijiji naye anastahili neno. Ndiye mwandikishaji wa wakulima. Ndiye pia anayeandika barua za utambulisho, anayesuluhisha ugomvi wa mipaka, anayesimamia michango ya shule na kupokea kila mgeni atokaye wilayani. Kila wizara inapobuni daftari jipya, kazi humwangukia yeye, na hakuna wizara inayompunguzia daftari la zamani. Wakimlaumu wakulima kwa majina yaliyokosewa, wana haki nusu.

Yafaa hapa ikumbukwe historia ambayo Vyama vya Ushirika viliilipia kwa gharama kubwa. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha Madaraka Mikoani, kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Nia ilikuwa kumsogeza mtaalamu karibu na mwananchi. Halmashauri zikafutwa, na watumishi wa wizara wakapelekwa mikoani na wilayani. Kwa ramani, walisogea karibu. Kwa utii, walibaki wakitazama juu, kwa kuwa chombo cha wananchi cha kuwauliza kilikuwa kimeondolewa. Tarehe 14 Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na kazi ya kununua mazao ikaenda kwa mashirika na mamlaka za mazao. Hapa Nyanda za Juu Kusini mahindi yalikuwa yakiongezeka mwaka hadi mwaka, kwa bei moja ya nchi nzima na kwa mbolea nafuu, hata Mbeya, Iringa, Rukwa na Ruvuma zikaitwa mikoa minne mikubwa. Huku wakulima wakisubiri malipo na mahindi yakisubiri malori. Vyama vikarudishwa kwa Sheria ya mwaka 1982, Halmashauri za Wilaya zikarudi mwaka 1984, na mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta vyombo hivyo viwili lilikuwa kosa, na kwamba angeanza upya asingelirudia.

Madaraka Mikoani yalikuwa mageuzi ya kisasa kwa kipimo cha wakati wake, yenye wataalamu, michoro na istilahi zake. Kilichokosekana ni mahali pa mwananchi kusema, hapa mmekosea, na akajibiwa. Ndiyo maana la nne, ambalo katika mipango mingi huwekwa mwisho kabisa au huachiwa namba ya simu isiyopokelewa, linapaswa kupandishwa: malalamiko. Tangu miaka ya 2000 ofisi nyingi za umma zimetundika ukutani Mkataba wa Huduma kwa Mteja, wenye ahadi za siku ngapi kila jambo litachukua. Ni karatasi nzuri. Itakuwa nzuri zaidi siku itakapoonyesha ni nani wa kuonwa siku hizo zikipita, na mtu huyo naye awe na uwezo wa kusahihisha. Mkulima aliyeandikwa ekari ishirini badala ya mbili hahitaji kuombwa radhi. Anahitaji mtu mwenye ruhusa ya kufungua daftari na kufuta sifuri, naye apatikane kijijini au angalau katani, kabla ya Novemba.

Mitambo imeachwa hadi hapa kwa makusudi. Ikitanguliwa na kalenda iliyopangwa, daftari lililokaguliwa, mtumishi aliyewezeshwa na mlango wa malalamiko, ni baraka. Isipotanguliwa na hayo, hufanya kazi ile ile mbovu kwa kasi.

Sasa limebaki la Vyama vyenyewe, ambalo halitakuwa tamu kwa wote. Baada ya msimu wa 2022/23 Vyama vya Msingi vilianza kuhimizwa kuwa vituo vya kuuzia mbolea ya ruzuku. Vina maghala, viko vijijini, na wanachama wanavifahamu. Kukubali kazi hiyo ni kukubali kuwa mkono wa huduma ya umma, na chama ambacho mwaka baada ya mwaka hupata hati yenye shaka kutoka kwa wakaguzi wa COASCO kijiulize kama kiko tayari. Mtunza ghala anayetoa mfuko kwa mdomo na kuandika jioni atakuwa amevunja hesabu siku ya kwanza. Katibu anayekaa na simu na namba za wanachama arobaini kwa kisingizio cha kuwasaidia, hata akiwa mwaminifu, anafungua njia ambayo mwenzake asiye mwaminifu ataipita. Namba ni ya mkulima kama jembe lilivyo lake.

Upande wa pili, chama kitakachokataa kwa woga kitawaacha wanachama wake wasafiri hadi mjini, nauli ikila sehemu ya ruzuku. Baina ya hayo mawili hakuna uamuzi mmoja unaofaa vyama vyote. Chama chenye vitabu safi na ghala kavu kichukue kazi hiyo msimu huu. Chama kisicho navyo kisafishe vitabu kwanza, na kwa msimu huu kiwapangie wanachama usafiri wa pamoja wa kwenda kwa wakala na kurudi na mifuko yao.

Lakini liko jambo ambalo kila chama kinaweza kulifanya bila fedha na bila kungoja waraka. Kila chama kina daftari la wanachama. Katibu aliombe kwa Mtendaji wa Kijiji daftari la wakulima walioandikishwa, wakae siku moja na kulinganisha majina: nani yumo kwa chama na hayumo kwa kijiji, nani ekari zake zimetofautiana, nani amefariki, mke yupi analima na hana namba yake. Orodha ibandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji na mwa ghala la chama. Ikibandikwa Julai, wakulima wana miezi mitatu kamili ya kuisoma, kubishana juu yake na kuisahihisha. Ikibandikwa Novemba hakuna atakayeisoma, kwa kuwa wote watakuwa mashambani.